Mwaka wa Maua ya Mfereji

Tulipomaliza kumzika Mama Wairimu tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, tukapewa mukimo na nyama ya mbuzi, na bwana mmoja wa suti ya kijivu akapokezwa kipaza sauti atueleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alisema vizuri. Alisema alikuwa mama mcha Mungu, mkali wa kazi, na kwamba kitalu chake cha miche pale Noonkopir kilijulikana kutoka Kitengela mpaka Kajiado. Halafu akasema kwamba yale maua madogo ya buluu yaliyomletea sifa aliyaotesha kwa mbegu za pakiti kutoka Uholanzi. Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilimtazama Wairimu, binti yake, aliyekuwa ameketi karibu nami, naye akanishika mkono kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shambani. "Wacha tu, uncle," akaninong'oneza. "Si leo." Nikaacha. Mazishini huwezi kusimama ukamsahihisha mwenye kipaza sauti, hata kama wewe ni mtu kama mimi, ambaye husahihisha mpaka wahubiri. Lakini nilirudi nyumbani na hasira yangu yote, na kwa kuwa nimefika umri wa kujisifu bila haya, nitaueleza ule mwaka jinsi ulivyokuwa. Mbegu hazikutoka Uholanzi. Zilitoka juu ya Entarara, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ndani ya blanketi la nyanya yangu, na aliyezibeba ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilikuwa mfanyakazi wa pekee wa Mama Wairimu. Vijana wa rika langu walikuwa na ng'ombe, au pikipiki, au vyote viwili, na wakinikuta nimechuchumaa juu ya trei za miche waliniuliza ni nani amenioa. Sikujali, au nilijifanya sijali. Niliipenda kazi ile. Chumba changu kilikuwa stoo ya mabati, kitanda katikati ya magunia ya samadi, na ukuta mmoja tulichangia na hoteli ya Mzee Kamau, kwa hiyo kabla sijatoka kitandani nilikuwa nimeshasikia nani ameuza shamba, nani amenunua gari kwa shamba hilo, na nani sasa hana shamba wala gari. Mama Wairimu na familia yake waliishi upande wa pili wa ua, katika chumba cha mawe chenye jiko la nje, na kando ya jiko lilisimama tangi la maji ya mvua lililofungwa kwa kufuli. Maji yetu ya Kitengela ni ya visima, na yana chumvi. Ukitaka kuyajua tazama meno yetu tuliokulia huku, yana rangi ya chai. Mama Wairimu alizaliwa Kinangop, kwenye maji matamu na ukungu, na huku kwetu aliweza kuvumilia vumbi, upepo na majirani, lakini chai ya maji ya chumvi ilimshinda kabisa. Tangi lile lilikuwa la chai peke yake, na ufunguo aliuvaa shingoni. Miche ilinyweshwa maji ya kisima yaliyoletwa na boza, lori la maji. Nilipoajiriwa aliniambia mambo mawili tu: nisichelewe, na nisiguse tangi.

Mwezi wa pili wa mwaka ule mama mdogo Nashipai, ndugu ya mama yangu, alifika kutoka Kajiado akiwa na sura ya mtu ambaye hajalala. Tulikuwa jikoni kwa Mama Wairimu tunakula githeri, naye akapewa sahani, akala vijiko vichache, akaiweka chini. "Koko ameanguka," alisema. Koko ni nyanya yangu, mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake juu ya Entarara. "Alianguka kando ya mfereji, akalala hapo mpaka jirani akampata. Wanasema hiyo mguu haitapona vizuri. Mimi niko na chumba Kajiado, niko na hospitali hapo karibu, nimemwambia aje, na hataki."

"Anasema nini?" Mama Wairimu aliuliza.

"Anasema Kajiado ni mawe."

Mama Wairimu aliangalia nje, kwenye ua wetu, ambao pia ulikuwa mawe. "Si uongo," akasema. Lakini mama mdogo hakucheka. Alisema akianguka tena, na jirani asipopita, tutamkuta amekufa. Aliyasema hayo akinitazama mimi, maana wote katika ukoo walijua kwamba Koko alikuwa hamsikilizi mtu, na kwamba kama angemsikiliza mtu angekuwa mimi. Mama Wairimu alinipa ruhusa kabla sijaiomba.

Nyumba ya Koko ilikuwa juu ya mashamba yote, karibu na pale msitu unapoanzia, na mbele ya mlango wake ulipita mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani. "Takwenya, koko," nilimwamkia kwa Kimaasai. "Iko," akaitikia, nami nikainamisha kichwa anishike utosi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoukumbuka, na hilo lilinitia uchungu. Asubuhi nilitoka nikamkuta ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, mguu wake mbaya ameunyoosha, akiangalia kingo za mfereji. Zilikuwa zimejaa maua. Nilikuwa nimeyaona tangu utotoni bila kuyatazama: maua madogo kama kitufe cha shati, ya buluu kali, mamia na mamia, yenye umande na ukungu ukiyapita juu. Nilikuwa nimeshauza maua Noonkopir kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba sijawahi kuuza buluu ya namna ile. Niliketi chini karibu naye. Tulikunywa chai, na Kilimanjaro yenyewe haikuonekana kwa sababu ya mawingu.

"Mwambie mama yako mdogo nimesikia," Koko alisema mwishowe. "Lakini mimi tangu niletwe hapa bibi arusi, nikiamka naona hii maua. Huko kwake nikiamka nitaona nini? Ukuta ya jirani?"

"Nikikupandia hii maua Kajiado, utakuja?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Nilishatuma mizizi yake na lori ya kubeba nyanya sokoni. Mama yako mdogo alisema ilifika kama majani ya chai."

"Mimi ni mtu wa kitalu, koko. Mimi si lori ya nyanya."

Alipangusa chai iliyomwagika. "Ukifanya itoe maua huko Kajiado," alisema, "nitakuja kuangalia."

"Kuangalia tu?"

"Nimesema nitakuja kuangalia." Lakini mimi nilishaahidi, na kwa tabia yangu nikishaahidi mbele ya mtu aliyenicheka, silali. Isitoshe, mtu aliyekodi shamba la chini kulima nyanya alikuwa ameanza kufyeka kingo za mfereji. Upande mmoja ulikuwa umekwisha. Niliona kwamba nikirudi mwaka ujao huenda nisikute kitu.

Mbegu za maua yale hazichumwi kwa mkono, utachoka bure. Kila mbegu ina vindoano vidogo mgongoni, na kazi yake ni kushika sufu ya kondoo, nguo, chochote kinachopita. Koko alinipa blanketi kuukuu la sufu, akanionyesha sehemu iliyokauka, akaniambia nilivute juu yake polepole, niende nikirudi, huku yeye akinielekeza kwa fimbo kutoka kwenye kigoda. Mama zake walifanya hivyo walipotaka kupanda maua mahali papya: walivuta blanketi, wakalizika vipande vipande kando ya maji. Nilipomaliza, blanketi lilikuwa la kahawia na zito, likikwaruza mikono. Nililikunja, nikalifunga kwa kamba, nikateremka nalo kama mtu aliyebeba mtoto.

Noonkopir tulizichambua mezani kwa Mzee Kamau, jioni baada ya kazi, kati ya sahani za chapati na maharagwe. Watu waliingia wakanikuta nimeinama juu ya blanketi nikitoa vitu vidogo kimoja kimoja kwa kucha. "Huyu ametoa wapi hizi chawa?" mmoja aliuliza. Mzee Kamau alisema kama ni chawa nitoke, hii ni hoteli ya watu. Mwalimu wa kilimo aliyekuja kununua miche ya pilipili aliitazama mbegu kwa miwani yake, akatuambia ua hili ni binamu wa lile wazungu huliita forget-me-not, yaani usinisahau. "Binamu wa mbali basi," alisema Mama Wairimu, akivuta mbegu iliyomshika kwenye sweta. "Huyu ako na kucha." Alikuwa amevutwa tayari. Nilimwona alivyozigeuza kiganjani. Kwao Kinangop, alisema, kulikuwa na maua kama hayo kando ya barabara, na hakuwa ameyafikiria tangu aolewe. Akazigawa mbegu mafungu matatu, akaniambia, "Hapana panda yote. Hata kama wewe unajua kila kitu."

Nami nilidhani najua. Kitu kilichokuwa kinatupa jina katika vitalu vya Kitengela ni samadi ya mbuzi kutoka bomani, iliyolala miaka, nyeusi, laini kama unga, na mimi ndiye niliyejua boma gani lina nzuri. Kila mche tuliouza ulilelewa kwa samadi hiyo. Kwa hiyo maua ya Koko tuliyatengenezea kitanda cha kifalme: samadi nusu, udongo nusu, chini ya neti, mahali penye joto zuri. Mama Wairimu mwenyewe alikandakanda ule udongo akaridhika. Zikaota chache, tukapongezana, na kabla ya Jumapili shingo za miche zilikuwa zimeoza zote, zimelala juu ya udongo. Tulikuwa tumelisha mmea wa mawe na ukungu kama tunavyolisha sukuma wiki. Niliumia. Nilizunguka ua mzima nikitafuta mtu wa kumlaumu, na hapakuwa na mtu.

Fungu la pili tulilipanda kwenye mchanga na udongo wa kawaida, bila samadi. Ziliota kwa kusita, moja huku, moja kule, na hazikuoza. Lakini kingo za majani zikaanza kuungua, zikawa kahawia, kisha mche mzima ukajikunja. Nilidhani ni jua, nikaongeza neti. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji, na kadiri nilivyoongeza ndivyo zilivyozidi kufa. Hotelini kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nihamie nazo Kona Baridi, kule upepo unauma masikio, zitajiona ziko kwao. Nilimjibu kwamba Koko hahamii Kona Baridi, anahamia Kajiado, na ua likishindwa na Kajiado halina kazi kwangu. Siku moja Mama Wairimu alikuja akasimama juu ya trei. Juu ya mchanga palikuwa na ukoko mweupe. Aliukwangua kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Hii ni ile iko ndani ya birika yako," akaniambia. Alikuwa na maana lile gamba jeupe linaloshika birika za watu wanaochemsha maji ya kisima. "Kitu inaharibu meno ya watoto, itawacha mmea?"

Tulisimama hapo wote wawili. Petunia na pilipili zetu zilikuwa zimezoea, wala hatukuwahi kufikiria maji. Maji ni maji, yanaletwa na boza. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimepita bila kunyesha vizuri, na nilijua ni wapi tu katika ua wetu palikuwa na maji matamu, na nilijua kwamba sitayaomba. Kuna mambo ambayo hata mtu mwenye kiburi changu haombi. Mama Wairimu aliingia jikoni, nikasikia akipanga sufuria bila sababu. Kisha akatoka akiwa ameuvua ule ufunguo shingoni, akanipa. Asubuhi iliyofuata alipika chai kwa maji ya boza, akainywa, akakunja uso, akaimaliza. Alifanya hivyo mpaka mvua ya vuli. Hilo ndilo nililotaka kusikia likisemwa kwenye kipaza sauti. Mwanamke aliyelilinda tangi lake dhidi ya mume, watoto na wageni, alilitoa kwa ajili ya miche ya bibi kizee ambaye alikuwa hajamwona hata siku moja, na kila asubuhi alikunywa gharama yake.

Lilibaki fungu moja. Sikuthubutu kulipanda kabla ya kumuuliza mwenyewe, kwa hiyo nilipiga simu dukani kwa jirani yake Entarara, na Koko akaletwa, akapaza sauti kana kwamba simu ni bomba. Nilimweleza kila kitu. "Mbona unaipanda ikiwa na joto?" alisema. "Huku inalala kwa baridi kwanza. Inalowa, inalala, inaona baridi yote, ndiyo inaamka. Wewe ulilala ukiwa mtoto ama uliamka tu?" Nikamuuliza mguu. Akasema mguu uko hapo hapo. Lakini jirani alipochukua simu yake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameanguka tena, mlangoni, na alikuwa amewakataza wasituambie.

Baridi ya Noonkopir ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye friji ya soda ya Mzee Kamau. Nilichanganya mbegu na mchanga uliolowa, nikaufunga katika mkebe wa mafuta ya kupikia, nikamwomba. Alikataa. Mama Wairimu akaenda kumwomba, naye akakubali, kwa masharti kwamba mkebe ukae nyuma kabisa na usinuke. Wiki nyingi mkebe ule ulikaa hapo kati ya chupa, na kila mteja aliyefungua friji aliuliza ni nini. "Ni shamba ya Mmaasai," Mzee Kamau alikuwa akiwajibu. Lakini alikuwa akiuchungulia pia. Umeme ulipopotea, yeye ndiye aliyeukimbiza mkebe kwa muuza samaki aliyekuwa na barafu, na hakuniambia mpaka uliporudi. Tulipanda mwezi wa saba, mbingu za Kitengela zikiwa na mawingu na baridi ya asubuhi, katika mchanga na kokoto, kwa maji ya tangi. Sitaeleza sana. Ziliota. Ziliota sawasawa, trei nzima, majani mawili mawili yenye manyoya kama ulimi wa ndama, na hazikuoza, na hazikuungua. Mama Wairimu alileta kiti akaketi mbele yake jioni nzima bila kufanya kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye. Mimi nilijisikia kama niliyeumba dunia, na nilitembea hivyo. Vijana wa pikipiki walipouliza tena ni nani amenioa niliwaambia waje waone watoto.

Miche michache tuliibakiza Noonkopir, na hiyo ndiyo iliyokuja kumletea Mama Wairimu sifa; mingine tuliihamishia Kajiado mvua ya vuli ilipokaribia. Tulichimba bustani ndogo upande wa mashariki wa nyumba ya mama mdogo, chini ya dirisha la chumba alichomwekea Koko, mahali ambapo baada ya adhuhuri ukuta unatupa kivuli. Tulitoa mawe, tukarudisha mengine, tukaweka mapipa ya kukinga maji ya mvua chini ya paa. Nilikuwa nikienda kila nilipopata nafasi. Mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, mama mdogo alinipigia akasema kuna moja limefunguka. Nikamuuliza rangi. "Buluu," akasema, na nikasikia kwamba analia. Tukampelekea Koko habari.

Alikuja na pikapu ya yule mkulima wa nyanya, ameketi mbele na dereva, akiwa na mkoba mdogo na fimbo. Alitangaza kabla hajashuka kwamba pikapu itarudi mchana na yeye atakuwa ndani yake. Mama Wairimu alikuwa amekuja nami, amevaa nguo za kanisani. Wanawake hao wawili walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akimpima mwenzake. Koko aliingia ndani, akaketi, akanywa chai, akala wali na nyama, akauliza mbona sebule ina viti vingi hivi, akalalamika kuhusu joto. Dirishani hakutazama hata mara moja. Mimi sikuweza kula. Mwaka wangu wote ulikuwa nje ya ukuta ule, na yeye alikuwa anaomba chumvi.

Aliposhiba alisimama akashika mkono wangu, tukazunguka nyumba. Yalikuwa yamefunguka yote. Hayakuwa mengi kama ya mfereji, wala marefu, na nitasema kweli, buluu yake ilikuwa imepungua kidogo, jua la Kajiado si la mlimani. Koko aliegemea ukuta, akashuka chini taratibu mpaka akaketi kwenye udongo, mguu umenyooka. Aligusa ua moja, akaligeuza, akaangalia chini ya jani. Akang'oa nyasi iliyoota pembeni. Kisha akang'oa nyingine. Mama Wairimu alisimama nyuma yetu na mkoba wake wa kanisani ameukumbatia, na sikuwahi kumwona mtu akisubiri kitu ambacho si chake kwa hofu kubwa vile.

"Ni fupi," Koko alisema.

"Ni fupi, koko."

"Na iko na mawe mengi."

"Iko."

Mbele ya nyumba dereva alipiga honi. Mama mdogo alikuja akipangusa mikono, akamwambia mama yake kwa upole kwamba gari linaondoka, kama bado anataka kurudi. Koko hakuinua kichwa. Alikuwa amepata nyasi ya tatu, yenye mizizi mirefu, na alikuwa akiivuta kwa mikono miwili.

"Mwambieni aende," alisema. "Na mwambieni kesho akileta kitanda yangu aifungue polepole. Hiyo miguu ilichongwa na babu yenu, wasiivunje."

Nilikimbia mimi kumwambia. Nilimwambia yule dereva kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka hospitalini, na alipoondoa gari nikamsimamisha nikamwambia tena.